Taa ya Kutazamwa na Taa ya Kusomea

Muhula huu shule yetu inautengeneza upya ukumbi wa kusomea jioni, na jambo moja bado linajadiliwa: zitiwe taa za namna gani? Wengi, wakiwamo baadhi ya wazazi wetu, wanazitaka zile taa ndogo za mviringo zinazozamishwa darini, kama zilivyo katika mabenki na mahoteli. Mimi napenda kusema, kwa heshima, kwamba zisitiwe. Taa za ukumbi ule ziwe za mirija mirefu, zilizopangwa kwa safu.

Kwanza yanipasa kukiri kosa. Mwaka jana, nikiwa kiranja wa masomo, niliandika majina ya wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza waliosinzia wakati wa masomo ya jioni, nao wakafyeka nyasi kwa adhabu. Karibu wote walikuwa wa pembe moja ya ukumbi, wala sikujiuliza kwa nini. Siku moja kiti changu kikavunjika, nikahamia pembe ile. Globu moja iliyoning'inia ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Kichwa changu na mkono wangu vikatupa kivuli juu ya daftari, hata nikawa naandika gizani ilhali chumba kina mwanga. Kabla ya saa tatu macho yalikuwa mazito. Mwanga hafifu haumpofushi mtu, lakini humchosha upesi. Basi nikatambua kwamba niliwaandika watoto, kumbe ilinipasa kuiandika taa.

Sababu yake si ngumu. Mwanga utokao mahali padogo hutupa kivuli cheusi chenye ukingo mkali. Utokao mahali parefu hupita pande zote mbili za mkono, na kivuli hufifia. Kila mtu aweza kujaribu: asimamishe kalamu juu ya karatasi chini ya globu moja, kisha afanye vivyo hivyo chini ya mirija ya maabara yetu. Tena, taa iliyozamishwa humulika chini zaidi, na kuta hubaki na giza. Mrija humulika kwa upana, na kuta zikipakwa rangi nyeupe huurudisha mwanga ule mezani.

Wako wasemao kwamba mirija ni mambo ya kizamani. Ni kweli kwamba ile yenye zebaki ndani inaondoka: mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuacha kuitengeneza na kuifanyia biashara kati ya nchi na nchi ifikapo mwisho wa 2027. Lakini mirija ya LED haina zebaki, na ule wa futi nne hutumia wati 18 hivi mahali pa wati 36 za mrija wa zamani. Kwa taa 12 zikiwaka saa tatu, tutaokoa yuniti 0.65 kila jioni; kwa jioni 65 za muhula ni yuniti 42. Sitaki kumdanganya mzazi yeyote kwamba akiba hiyo itajenga bweni. Tena taa za kuzamishwa nazo huwa za LED, hivyo kwa umeme hazipishani sana.

Zinapishana katika ukarabati. Mrija ukifa, fundi hununua mwingine katika duka la vifaa vya umeme mjini, akaubadilisha kwa dakika chache. Taa ya kuzamishwa ikifa, mara nyingi hutolewa yote, na isipopatikana nyingine ya kipimo kile, dari hubaki na tundu.

Nimeisikia pia hoja ya heshima ya shule mbele ya wageni. Si hoja mbaya. Taa za mapambo ziwekwe barazani, wageni wazione. Lakini ukumbini hawaketi wageni; huketi sisi, jioni baada ya jioni, na mtihani wa taifa hauulizi dari yetu ilipendeza kiasi gani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Safu za taa zitoke nyuma kwenda mbele, na moja ya peke yake iwe juu ya ubao. Na kabla ya kukata shauri, wakubwa wetu waketi jioni moja katika benchi la mwisho, kila mmoja na kitabu chake na kalamu yake.

Taa hizo zitakapowashwa mimi nitakuwa nimekwisha kuondoka. Wadogo zangu niliowaandika nimekwisha kuwaomba radhi. Lakini radhi bila taa haitawasaidia kusoma.