Mgombea huru wa komini: mlango uko wazi, kizingiti kiko juu mno

Tarehe 20 Desemba 2023, raia wa Congo walichagua washauri wa komini kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006, siku ile ile walipomchagua rais wa Jamhuri na wabunge. Kura hiyo ilihusu komini za Kinshasa na za miji mikuu ya majimbo. Tume ya uchaguzi, CENI, ilikuwa na wagombea 31.234 kwa viti vinavyozidi kidogo 900. Hamu ya kuwatumikia majirani ipo. Lakini mtu asiye na chama alikuwa na nafasi ndogo sana ya kufika, na sababu kubwa imo ndani ya sheria yenyewe.

Baraza la komini si jambo dogo. Kwa sheria ya Oktoba 2008 kuhusu miji, komini, sekta na sheferi, washauri ndio wanaopitisha bajeti ya komini, wanaomchagua burgumestri na msaidizi wake, na wanaokagua kazi yao. Takataka za soko, mifereji iliyoziba, daraja la kartie, kodi anayotozwa mama muuza ndizi: hayo yote yanapita hapo. Katika mambo ya namna hii, mwalimu, muuguzi au fundi anayejulikana Kadutu, Katuba au Mangobo anaweza kufaa kuliko mtu aliyeletwa na chama chenye makao yake Kinshasa.

Sheria ya uchaguzi inamruhusu mtu kama huyo kugombea akiwa huru. Ila sheria hiyo hiyo imeweka kizingiti: ili uhesabiwe katika kugawa viti, unahitaji asilimia 1 ya kura halali za nchi nzima kwa wabunge wa taifa, asilimia 3 za jimbo zima kwa wabunge wa jimbo, na asilimia 10 za komini nzima kwa washauri. Mahali ambapo mgombea huru angefaa zaidi ndipo asilimia ilipopanda juu zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Komini ina kura halali 40.000 na viti 7. Kizingiti ni kura 4.000. Mgombea huru anapata kura 3.800 peke yake, kuliko mgombea mwingine yeyote. Chama kimoja kimeweka wagombea 7: wa kwanza ana kura 900, wengine sita wana 600 kila mmoja. Jumla yao ni 4.500, chama kinavuka. Aliyepata 900 anaingia barazani, na aliyepata 3.800 anarudi nyumbani. Wapiga kura wake hawakukosea popote. Walimpigia mtu, na sheria ikahesabu orodha.

Kwa bunge la taifa hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2023 walipiga kura watu karibu milioni 18, kwa hiyo asilimia 1 ni karibu kura 180.000. Mgombea huru anagombea katika teritwari moja au mji mmoja tu. Atazitoa wapi? Mwaka 2006, kabla ya vizingiti hivi, wagombea huru walipata viti 63 kati ya 500.

Wanaotetea kizingiti wana hoja. Nchi ina vyama zaidi ya 900, vingi vikiwa ni mtu mmoja na muhuri wake, na orodha za wagombea zimekuwa ndefu kupita kiasi. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inahusu vyama. Mgombea huru haongezi chama hata kimoja. Badala yake, kizingiti kinamsukuma aende kuomba nafasi katika orodha ya chama asichokiamini, na kesho awe na deni kwa mwenye chama kuliko kwa kartie yake.

Wengine wanasema mshauri asiye na chama atanunuliwa kwa urahisi siku ya kumchagua burgumestri. Hatari hiyo ipo. Lakini malalamiko ya rushwa yamekuwa yakisikika kila wabunge wa majimbo wanapochagua magavana na maseneta, na wengi wa wabunge hao wana vyama. Kadi ya chama haijawahi kuzuia bahasha.

Kabla ya uchaguzi wa 2028, Bunge linapaswa kurekebisha kifungu hiki: mgombea huru wa komini asamehewe kizingiti, na ahesabiwe kwa kura zake kama orodha nyingine katika kugawa viti. Anayetaka kugombea naye asisubiri Bunge. Atafute mashahidi wake mapema, mmoja kwa kila ofisi ya kura, wa kubaki hadi fomu ya matokeo itiwe sahihi. Na kura zake asizitafute katika kabila lake au avenyu yake tu, kwa sababu asilimia 10 za komini hazipatikani katika avenyu moja.

Katiba, katika kifungu cha 101, inasema mtu anaweza kugombea ubunge bila chama. Haki inayotolewa kwa mkono mmoja na Katiba haifai kuchukuliwa kwa mkono mwingine na hesabu, hasa katika komini, ambako mpiga kura anamjua mgombea kwa jina, kwa nyumba na kwa matendo yake.