Kasha la Filamu kama Zana ya Kufundishia Somo la Mwanga

Katika somo la mwanga, walimu wengi huchora ubaoni sanduku lenye tundu dogo, huweka mshumaa upande mmoja na taswira yake iliyopinduka upande wa pili, kisha huwataka wanafunzi wanakili mchoro huo. Somo huishia hapo. Mwanafunzi hujua kuchora mishale ya mwanga bila kuwahi kuuona mwanga ukifanya kazi. Sisi tunaamini kwamba somo hili lafaa kufundishwa kwa kamera yenyewe, iliyoundwa na wanafunzi kwa mikono yao. Tunaamini pia kwamba sehemu ya kamera hiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote si tundu wala sanduku, bali ni kasha linalobeba filamu au karatasi ya picha.

Wapiga picha wa zamani walilijua jambo hili. Kabla ya filamu za kuviringishwa kuenea, kila picha ilikuwa na kipande chake, kwanza cha kioo na baadaye cha filamu bapa. Ndivyo alivyofanya kazi Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga picha nyingi katika nchi yetu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo. Kipande kiliwekwa gizani ndani ya kasha bembamba, kikapelekwa kwenye kamera, kikapigwa mwanga mara moja tu, kikarudishwa gizani. Hata leo wako wapiga picha duniani wanaotumia makasha hayo, na kipimo kilichozoeleka ni inchi 4 kwa 5.

Kasha la kawaida hubeba vipande viwili, kimoja kila upande. Kila upande una kifuniko chembamba cha kuchomoa. Ukingo wa kifuniko una rangi mbili: upande mmoja mweupe, upande wa pili mweusi. Weupe ukitazama nje, maana yake kipande hakijapigwa. Weusi ukitazama nje, kimekwisha kupigwa. Aghalabu upande mweupe huwa na vinundu vidogo ili kidole kiutambue gizani. Hiyo ndiyo kanuni yote, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuikariri kwa dakika moja. Kuishika daima ni jambo jingine.

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha, tulifuatana na wanachuo hadi shule moja ya msingi wilayani Chunya. Tulikuwa na makasha mawili ya kuazima na karatasi mbili za picha za inchi 8 kwa 10. Kila karatasi ilikatwa vipande vinne vya inchi 4 kwa 5, vikapunguzwa kidogo kingoni ili viingie katika kasha bila kukwama. Tukawa na vipande 8: kimoja cha majaribio, na saba kwa makundi saba ya darasa. Kundi moja lilichagua kumpiga picha bibi wa mmoja wao, ambaye jamaa zake hawakuwa na picha yake hata moja. Bibi alikuja, akaketi chini ya mwembe, akatulia dakika nzima bila kutikisika. Kundi lililofuata lilipiga lango la shule.

Jioni tuliposafisha karatasi, kipande kimoja kilitoka cheupe kabisa. Kingine kilikuwa na picha mbili, nguzo za lango zikipita katikati ya uso wa bibi. Asubuhi mwanachuo aliyefundisha aliwaambia wanafunzi kwamba waliitikisa kamera. Watoto walinyamaza, kwa kuwa mtoto hambishii mwalimu wake. Lakini kamera ikitikiswa picha huwa na ukungu; haizai picha mbili, wala haiachi kipande kingine kitupu. Ushahidi ulikuwa wazi: baada ya kumpiga bibi, kifuniko kilirudishwa weupe ukitazama nje, na kundi la pili likapewa kipande kilichokwisha kutumika. Aliyekirudisha ni mwanachuo mwenyewe, maana aliwakataza wanafunzi wasiliguse kasha. Nasi tuliokuwapo tulinyamaza hadi kipindi kilipokwisha, na kwa hilo tunajilaumu.

Siku ya pili mwanachuo yule alisimama mbele ya darasa, akaviweka vipande viwili mezani, akawauliza wanafunzi kosa lilitokea wapi. Walilieleza hatua kwa hatua, wala hawakusita kumtaja aliyelifanya. Katika kipindi kile walijifunza zaidi ya yaliyoandikwa katika andalio la somo. Hata hivyo karatasi zilikuwa zimekwisha, mazoezi yakafikia mwisho, na picha ya bibi haikupigwa tena. Hasara hiyo haikufutwa na kipindi kizuri.

Kutokana na hayo tunatoa maoni yafuatayo kwa wanachuo.

Kwanza, kasha lichaguliwe kwa kufuata mikono ya watakaolitumia. Kasha la pande mbili lamfaa fundi. Darasani lazaa mkanganyo. Afadhali kila kundi litengeneze lake la kipande kimoja kwa boksi gumu, karatasi nyeusi, na kitambaa cheusi kizito mdomoni ili mwanga usipenye kifuniko kinapochomolewa.

Pili, kasha lijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Litiwe kipande cha karatasi, lianikwe juani dakika chache bila kuchomoa kifuniko, kisha kipande kisafishwe. Palipogeuka peusi ndipo mwanga unapoingia. Vumbi nalo lifutwe kwa brashi kavu; kiangazi cha Chunya kina vumbi jingi, na kila chembe huacha doa katika picha.

Tatu, wanafunzi wafanye mazoezi ya kutia karatasi ya kawaida katika kasha wakiwa wamefumba macho, mpaka vidole vizoee. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe huvumilia taa nyekundu iliyofifia, bali filamu nyingi huhitaji giza kamili. Filamu ya vipande ina alama za kuchanjwa pembeni: ukiishika wima na alama zikiwa juu kulia, upande wenye dawa unakutazama.

Nne, utaratibu ufuatwe bila kuruka hatua: ziba tundu, ingiza kasha, chomoa kifuniko, zibua tundu, hesabu, ziba, rudisha kifuniko weusi ukitazama nje. Kwa sanduku lenye kina cha sentimita 12 na tundu la nusu milimita, jua kali huhitaji karibu dakika moja. Mwanafunzi mmoja afanye, wa pili asome hatua kwa sauti, wa tatu aandike daftarini. Dawa za kusafishia picha zishikwe na mwalimu, kwa koleo, mbali na vyombo vya chakula.

Wako watakaosema kwamba siku hizi simu hupiga picha kwa kufumba na kufumbua, basi taabu hii ni ya nini? Simu humpa mtoto picha, lakini humficha njia ambayo mwanga umepita. Tena simu husamehe kila kosa, kwa kuwa picha mbaya hufutwa na nyingine hupigwa. Kipande kimoja cha karatasi hakisamehi, nacho humfundisha mtoto kufikiri kabla ya kutenda. Wengine watasema kwamba karatasi hizo ni ghali na hazipatikani kila mji. Ni kweli. Shule isiyo nazo iweke karatasi iliyopakwa mafuta nyuma ya sanduku, na taswira itaonekana. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule ijengwe juu ya kazi na fikra za wanafunzi wenyewe.

Watoto wa Chunya hawahitaji kuelezwa kwa nini alama ni muhimu. Wamewaona wachimbaji wakipeleka viroba vya mawe karashani, na wanajua ugomvi unaozuka pale viroba viwili visivyo na alama vinapochanganyika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ndugu mwanachuo, utakapokwenda kwenye mazoezi, wape wanafunzi kasha walishike wenyewe. Na likitokea kosa, angalia kwanza mkono wako uligeuza kifuniko upande gani.