Virusi vya barua pepe vizuiwe kwenye seva, si mezani kwa karani

Kampuni ndogo zinazoagiza bidhaa kutoka nje hununua huduma ya barua pepe kama zinavyonunua karatasi za ofisi: anayetaja bei ya chini ndiye anayepewa kazi. Mteja huuliza gharama ya mwezi na ukubwa wa sanduku, basi. Swali lililostahili kutangulia ni kama seva hiyo inakamata kiambatisho chenye virusi kabla hakijamfikia karani.

Wenye kampuni wengi hujibu kuwa kila kompyuta ya ofisini ina programu ya kuzuia virusi. Jibu hilo lilikuwa na nafuu enzi za barua kushushwa kwenye kompyuta moja. Barua inayosomwa kwa njia ya tovuti haina meza maalum. Karani huifungua ofisini asubuhi, wakala wa forodha huifungua bandarini kwa kompyuta ya kuazima, na mwenye mali huifungua usiku nyumbani, kwenye kompyuta ambayo watoto wameshinda wakiichezea. Mahali pekee ambapo kila faili ni lazima ipite ni kwenye seva, na hapo ndipo fedha za ulinzi zianzie.

Mwezi Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilichoanzia Ufilipino kilienea duniani kikiwa ndani ya kiambatisho kilichojifanya barua ya mapenzi. Jina la faili liliishia na .TXT.vbs, lakini Windows ilikuwa na kawaida ya kuficha mkia wa mwisho, nao ndio uliobeba sumu. Kiliharibu picha na mafaili mengine, kisha kikajituma kwa anwani zote kilizozikuta kwenye Outlook. Seva yenye amri moja tu ya kukataa .vbs isingehitaji hata kulijua jina la kirusi hicho.

Amri hiyo haijapitwa na wakati. Hakuna muuza vipuri anayeletewa ankara yenye mkia wa .exe, .js au .vbs. Faili za aina hiyo zikataliwe zote, hata zikifungwa ndani ya zip. Gmail ilikuwa ikikataa .exe kwa miaka, na mwaka 2017 ikaongeza .js.

Faili za kawaida za kazi, kama Word na PDF, zikaguliwe. Programu ya ClamAV hupatikana bure, mradi orodha yake ya virusi ihuishwe kila siku. Bure hiyo ina gharama yake, kwani inakula kumbukumbu nyingi na seva ya gigabaiti 1 huelemewa. Hapo ndipo fundi huizima kimya kimya ili barua zitembee, na mteja akaendelea kulipia ulinzi ambao haupo.

Ugumu zaidi uko kwenye zip yenye neno la siri, kwa sababu mkaguzi haoni ndani. Kundi la Emotet, ambalo mtandao wake ulivunjwa na polisi wa nchi kadhaa Januari 2021, lilitumia mbinu hiyo, tena likijibu ndani ya mazungumzo ya kweli ya kibiashara. Barua ya namna hiyo izuiliwe mpaka mtumaji apigiwe kwa namba ya simu inayojulikana siku zote.

Watakaolalamika kuwa mizigo itachelewa wana hoja. Hati ya shehena ikikwama wakati kontena linahesabiwa siku bandarini, hasara ni ya kweli. Kwa hiyo seva izuie bila kufuta, mpokeaji aarifiwe papo hapo, na awepo mtu mmoja ofisini mwenye mamlaka ya kuiachia.

Barua zinazotoka nazo zikaguliwe. Seva inayosambaza virusi huweza kuingizwa kwenye orodha ya Spamhaus, na tangu hapo hata oda safi inayokwenda Guangzhou au Dubai hukataliwa na seva zinazoifuata orodha hiyo. Muuzaji wa huko hajui kuwa aliandikiwa, na bei aliyoitoa inamalizika muda wake.

Mwenye kampuni anaweza kumpima mtoa huduma kabla ya kuhuisha mkataba. Ipo faili ya majaribio iitwayo EICAR, yenye herufi 68 tu na isiyo na madhara yoyote, ambayo programu za kuzuia virusi zimefundishwa kuikamata. Fundi wake aitume kwenye anwani ya ofisi, mara moja ikiwa wazi na mara ya pili ikiwa ndani ya zip, kisha waangalie ipi imefika sandukuni.