Gari Lililofunikwa Turubai

Binamu yangu ana Subaru WRX STI ya bluu ambayo shangazi hajaipanda tangu Machi 2022. Mwezi huo Subaru ilitangaza kwamba WRX ya kizazi kipya haitakuwa na STI ya petroli. Wiki hiyo hiyo binamu alinunua turubai. "Hili sasa ni shamba," aliniambia. Shangazi, aliyeuza ng'ombe wawili kuongezea pesa za kuiagiza kutoka Japani, huenda kliniki Thika kwa matatu. Kila kilomita, asema mwanawe, inakula bei.

Mimi nina ugomvi na hesabu hii.

Wanaoihubiri hutuambia kuna magari ya kasi yanayoshuka bei na yanayoishikilia, kana kwamba hiyo ni tabia ya chuma. Haya, tuyalinganishe. Maserati GranTurismo hushuka kama jiwe kisimani. Porsche 911 hushuka taratibu, na matoleo yake adimu hupanda. Yote mawili hukimbia, yote mawili hupendeza. Kinachoyatenga zaidi ni hofu. Mnunuzi wa pili wa Maserati anaogopa bili ya fundi. Wa 911 anajua kuna mafundi waliozeeka nayo, kwa kuwa injini imekaa kule kule nyuma tangu gari lilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963. Mazda RX-8 nayo iliadhibiwa kwa sababu injini yake ya rotari hula oili. Wengi wakisikia hivyo, hawaulizi swali la pili.

Kisha kuna sinema na sheria. Toyota Supra ya rangi ya chungwa iliyotumika katika filamu ya The Fast and the Furious iliuzwa mnadani Las Vegas mwaka 2021 kwa dola 550,000. Hakuna aliyekuwa akinunua pistoni pale. Au tazama Nissan Skyline GT-R R34, ambayo iliacha kutengenezwa mwaka 2002. Kenya hairuhusu kuagiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo R34 ni kuukuu mno kuteremshwa Mombasa. Marekani, gari ambalo halikuundwa kwa viwango vyao hufunguliwa mlango likitimiza miaka 25, na kadiri siku hiyo ilivyokaribia ndivyo R34 ilivyopanda bei. Gari ni lile lile. Kwetu uzee ni kosa, kwao uzee ni pasipoti.

Binamu hunijibu kwa Impreza 22B ya 1998, ambayo leo haishikiki. Sawa. Lakini 22B za soko la Japani zilikuwa 400 tu. STI kama yake zilitoka kwa maelfu, na wanaoitamani hapa Nairobi ni vijana kama mimi, tusio na pesa anazoziota.

Tena turubai halizuii kitu. Bima inalipwa. Betri inakufa, mipira inakauka, shilingi inapungua nguvu. Bei ikisimama palepale miaka kumi, atakuwa amepata hasara huku akijipongeza.

Sisemi bei haina maana. Anayenunua kwa mkopo lazima ajue atapoteza kiasi gani, na kulinganisha gari na gari kutamsaidia. Lakini kushuka bei ni nauli. Kila anayesafiri huilipa. Upumbavu ni kuilipa mwaka baada ya mwaka ukiwa umekaa kituoni, kisha kuwaita wanaosafiri wabadhirifu. Na katika hesabu ya binamu hakuna safu ya ng'ombe wawili, wala ya mama anayesimama kwenye foleni ya matatu na magoti yanayouma.

Jumanne shangazi ana kliniki tena. Nimemwomba binamu funguo. Amesema atafikiria.