Mama aliyeharibikiwa na mimba aelezwe, kisha aachwe achague

Wako wanawake wengi nchini Tanzania ambao hufikishwa hospitalini wakivuja damu baada ya mimba kuharibika au kutolewa, wakatibiwa, wakapata nafuu, wakaruhusiwa kurudi nyumbani bila ya kuelezwa jambo moja muhimu: kwamba uwezo wao wa kushika mimba nyingine hurudi upesi mno. Mimba inapoharibika katika miezi mitatu ya mwanzo, yai jingine laweza kupevuka kabla ya wiki mbili kupita, yaani kabla hata mama hajaona siku zake. Wengi huamini kinyume chake. Hudhani kwamba mwili ulioumizwa umejifunga wenyewe kwa muda, kama ufungavyo mwili wa baadhi ya akina mama wanaonyonyesha. Kutoelezwa huko ndiko kunakowarudisha baadhi yao katika wodi ile ile kabla ya mwaka kwisha, na pengine safari ya pili hali huwa mbaya kuliko ya kwanza.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, ulikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini, na kwamba wanawake wapatao 66,600 walitibiwa katika vituo vya afya kutokana na madhara yake. Nyuma ya kila tarakimu ya hesabu hiyo yuko mama, mke, binti au mwanafunzi. Wengi wao hawakuwa wametaka mimba ile, na wengi walikuwa hawatumii njia yo yote ya kuizuia ilipoingia.

Sheria ya nchi inafahamika. Kanuni ya Adhabu inakataza kutoa mimba, isipokuwa pale inapobidi kuokoa maisha ya mama. Atoaye aweza kufungwa miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7. Wapo wanaotaka sheria hiyo ibadilishwe na wapo wanaotaka ibaki kama ilivyo, na mjadala huo una mahali pake. Lakini pande zote mbili hazina budi kukubaliana katika jambo moja: hakuna kifungu kinachomkataza mganga kumtibu mama anayevuja damu, wala kinachomkataza kumpa mama huyo njia ya kupanga uzazi. Tena, anayechukia utoaji wa mimba kwa dhati ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kudai kwamba mgonjwa asitoke wodini kabla ya kuelezwa jinsi ya kuepuka mimba nyingine asiyoitaka.

Kwa sababu ya hofu ya sheria na ya aibu, wagonjwa wengi hukaa kimya au husema wamejikwaa, wameanguka, au wamebeba mzigo mzito. Mfanyakazi wa afya asifanye kukiri kuwa sharti la kupata ushauri. Ushauri wenyewe hautegemei chanzo. Aliyeharibikiwa kwa kudra na aliyetoa kwa makusudi, wote wawili uwezo wa kuzaa huwarudia kwa kasi ile ile, na wote wawili wana haki ya kulijua jambo hilo.

Kasoro kubwa imo katika mpango wa kazi. Hospitalini, mgonjwa wa namna hii hutibiwa katika wodi ya wanawake, lakini dawa na vifaa vya uzazi wa mpango mara nyingi hukaa katika Kliniki ya Afya ya Uzazi na Mtoto, ambayo kazi yake hufanyika zaidi asubuhi za siku za kazi. Mama aliyeletwa Jumamosi usiku na kuruhusiwa Jumapili huambiwa aende kliniki siku nyingine. Nauli ya kurudi hana. Na hata akiwa nayo, huko kliniki atakaa benchi moja na akina mama waliopakata watoto wachanga, siku chache tu baada ya yeye kupoteza mimba yake. Si ajabu wengi hawaendi.

Dawa ya kasoro hiyo ni nyepesi. Kabati la vidonge, sindano, vipandikizi, vitanzi na kondomu liwekwe katika wodi ile ile, na mwuguzi aliye zamu, usiku au mchana, awe amefundishwa kuvitumia. Tangu miaka ya 2000 Serikali imepanua huduma baada ya mimba kuharibika hadi katika vituo vya afya, ambako matabibu na wauguzi wakunga hufundishwa kusafisha kizazi kwa kifaa cha mkono. Ushauri wa uzazi wa mpango umehesabiwa tangu mwanzo kuwa sehemu ya matibabu hayo. Kwa hiyo sera haikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuhakikisha kwamba vifaa vimeagizwa Bohari ya Dawa kwa wakati, na kwamba katika daftari la wodi, mbele ya jina la kila mgonjwa, imeandikwa kama alishauriwa na alichagua nini.

Upande wa utaalamu hauna kizuizi kikubwa. Vidonge, sindano ya miezi mitatu, vipandikizi na kondomu vyaweza kuanza siku ile ile ya matibabu. Kitanzi pia chaweza kuwekwa siku hiyo, ila kama kizazi kimeingiwa na vijidudu hapana budi kungoja hadi mgonjwa apone. Njia ya kuhesabu siku haifai mpaka hedhi imerudi katika utaratibu wake. Na kufunga kizazi, kwa kuwa ni uamuzi wa maisha, kusiamuliwe katika saa ya maumivu na majonzi. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mwanamke aliyeharibikiwa na mimba angoje angalau miezi 6 kabla ya kushika nyingine, kwa usalama wake na wa mtoto. Hata yule anayemtamani mtoto, basi, ana sababu ya kuelezwa.

Hapa ndipo penye hatari ya pili, ambayo wakereketwa wa uzazi wa mpango huisahau. Mama aliyelala kitandani, mnyonge, mwenye hofu ya polisi na ya mumewe, ni rahisi sana kumlazimisha. Akiambiwa, "Weka kipandikizi ndipo uende", atakubali, na akifika kijijini atatafuta mtu wa kukitoa. Idadi ya vipandikizi vilivyowekwa isiwe ndiyo kipimo cha kazi nzuri ya wodi. Kipimo kiwe idadi ya akina mama walioelezwa wakaelewa, wakachagua kwa hiari yao, pamoja na wale waliosema hapana. Na anayetaka kipandikizi au kitanzi kitolewe, kitolewe siku aliyoomba, bila masimango. Uzazi wa mpango ambao mwenyewe hana uwezo wa kuuacha si mpango wake tena, bali ni amri ya mtu mwingine. Vivyo hivyo, mume akija na kushauriwa pamoja na mkewe ni jambo jema, lakini saini yake isifanywe ufunguo wa kabati la dawa.

Wapo wasemao kwamba kumpa msichana njia ya kuzuia mimba ni kumfungulia mlango wa uasherati. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama msichana huyo angekuwa bado hajafikwa na jambo. Lakini huyu anayezungumzwa ameshafikwa, yumo wodini. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wameshazaa, ni waja wazito, au mimba zao zilikuwa zimeharibika. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya uzazi warudi shuleni. Walimu wanaowapokea wana wajibu uliozidi kuandika majina katika mahudhurio. Mwalimu wa elimu ya viumbe anayefundisha jinsi mimba inavyoingia afundishe pia ni lini uwezo wa kuishika hurudi, na mwalimu mlezi ajue zahanati ipi ya jirani itampokea binti bila kumdhalilisha.

Wazo lenyewe si geni katika nchi hii. Chama cha Uzazi na Malezi Bora, UMATI, kina asili yake katika kazi iliyoanza mwaka 1959. Mwaka 1969, alipokuwa akieleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya Mkutano Mkuu wa TANU, Mwalimu Julius Nyerere alikumbusha kwamba kuzaa binadamu hushirikiana na wanyama, bali kulea na kuelimisha ni wajibu wa binadamu peke yake. Taifa limepiga hatua tangu hapo. Vifo vya akina mama vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–16 vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa 2022. Lakini utafiti huo wa 2022 ulionyesha pia kwamba kati ya wanawake 100 walioolewa, 21 walitaka kuahirisha au kusimamisha uzazi na hawakuwa wakitumia njia yo yote.

Mahali pepesi pa kuanza kuwafikia ni pale ambapo baadhi yao wameshakuja wenyewe, wakiwa wamebebwa. Waganga wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri na wajumbe wa kamati za afya waanze kwa kuuliza swali moja kila mwezi: wagonjwa wangapi wa mimba zilizoharibika wametoka wodini bila kushauriwa, na kwa nini?