Matairi ya theluji katika bonde la Kilosa



Barua tuliyoichagua juma hili imetoka Mabwerebwere, wilayani Kilosa. Mwandishi wake ni baba wa watoto watano mwenye gari aina ya Noah. Asubuhi gari hilo huwapeleka watoto shule, siku za msiba huwabeba majirani kwenda maziko, na baada ya mavuno hupakia magunia ya mpunga. Masika yanakaribia na matairi yake yamekuwa kipara. Muuzaji mmoja amemwonesha matairi manne yaliyotumika, yaliyotoka Japani, laini kwa kuyaminya, yenye mikato midogo midogo isiyohesabika, na ubavuni yana herufi M+S. Akamweleza kuwa M maana yake ni matope, basi hayo ndiyo matairi ya masika. Bei ni chini ya nusu ya mapya. Fedha hana, mkewe anayo, aliyoipata kwa kuuza mpunga wake mwenyewe, na mume angependa kumkopa. Mke naye anauliza kama ni busara kununua matairi kwa ajili ya mvua za miezi mitatu. Hawakuafikiana, wakaona watuandikie.

Tuanze na herufi, kwa kuwa ndizo zilizomvuta. Muuzaji hakusema uongo kamili. M+S ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya matope na theluji. Lakini herufi hizo huwekwa na mtengenezaji kwa kauli yake mwenyewe, bila ya tairi kulazimika kufaulu jaribio lolote. Alama iliyo na uzito ni nyingine: mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Hiyo hutolewa kwa tairi lililopimwa juu ya theluji likafaulu. Ujerumani, ambako sheria humtaka dereva awe na matairi ya majira ya baridi pale barabara inapokuwa na barafu au theluji, M+S peke yake haikubaliki tena tangu Oktoba 1, 2024. Lazima uwepo mchoro wa mlima. Ikiwa wenye theluji yao wameacha kuziamini herufi hizo, sisi wa Kilosa tuna sababu gani ya kuziamini?

Na matairi ya Japani yenye mikato ile mingi, mara nyingi ubavuni utakuta neno STUDLESS. Hayo ni matairi ya barafu. Magari mengi yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam hutoka Japani, na baadhi huja yakiwa yamevaa matairi hayo hayo. Mnunuzi hupita huku na huku, huona kashata bado ni nene, hufurahi.

Tatizo liko kwenye mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kawaida hukakamaa kadiri baridi inavyozidi, na chini ya nyuzijoto 7 hivi huanza kupoteza uwezo wa kushika barabara. Ndiyo maana watengenezaji wakaunda mpira mwingine unaobaki laini katika baridi. Ulaini huo ni rehema huko Hokkaido. Katika lami ya Mikumi saa nane mchana ni balaa: tairi huwa kama ufizi, mikato yake midogo hupindana, gari huyumba katika kona, breki huchukua masafa marefu zaidi kulisimamisha, na mpira huliwa upesi. Huku kwetu bondeni, hata usiku wa Julai hatuifikii baridi ya nyuzijoto 7. Ndugu zetu walioko London nao huulizana kila mwaka kama yafaa kununua matairi ya baridi katika mji ambao theluji hupita kama mgeni wa siku mbili, na sheria ya Uingereza haiwalazimishi. Wao angalau wana asubuhi za baridi za kuhojiana. Sisi hatuna hata hizo.

Basi matairi yale, jawabu letu ni hapana.

Limebaki swali la mke, nalo ndilo lenye fikra zaidi: achilia mbali theluji, je, masika yanastahili matairi yake? Yapo matairi ya matope hasa, yenye kashata kubwa zilizoachana, kama ya trekta kwa umbo dogo. Udongo mweusi wa mfinyanzi uliotanda sehemu za chini za wilaya hii, ukilowa, hujaza mifereji ya tairi la kawaida katika mizunguko michache, na tairi likawa duara la tope tupu. Kashata kubwa hulitema tope hilo na kuuma udongo upya. Mwenye pikipiki inayoshinda mashambani, au pikapu inayotoa mpunga majarubani, huyo akinunua hajaharibu mali.

Lakini Noah ya ndugu yetu haiishi majarubani. Hukata kipande cha tope, kisha hupanda barabara kuu, na huko maji juu ya lami ni adui wa aina nyingine. Tairi la kashata kubwa hugusa lami kwa sehemu ndogo tu ya mpira wake. Juu ya lami iliyolowa husimama kwa shida, tena lina kelele na hunywa mafuta. Lami yenye maji hutaka mifereji mirefu iliyo wazi, inayoyasukuma maji pembeni. Mifereji ikiisha, maji hubaki kati ya mpira na barabara, gari huelea, na usukani huwa pambo. Nchi nyingi zimeweka kiwango cha chini cha kina kuwa milimita 1.6, na ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira vya urefu huo. Uso wa tairi ukilingana na vituta, tairi limekwisha. Kwa mvua kubwa sisi tungelitoa kabla halijafika hapo.

Kwa hiyo rai yetu kwa familia hii ni matairi ya kawaida, mapya, ya saizi iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari, yatakayotumika mwaka mzima. Kama fedha ni ya mawili tu, anunue mawili sasa na kuyafunga nyuma, kwa kuwa gari linaloteleza nyuma humshinda dereva wa kawaida kuliko linaloteleza mbele. Mawili mengine yafuate.

Tunajua atasema mapya ni ghali. Tuchukue mfano wa hesabu. Matairi manne mapya kwa shilingi 160,000 kila moja ni 640,000. Yakidumu miaka mitatu ni kama 17,800 kwa mwezi. Manne yaliyotumika kwa 70,000 ni 280,000. Yakiliwa katika miezi kumi, kama yafanyavyo yale laini katika joto letu, ni 28,000 kwa mwezi. Kila mtu aweke bei za dukani kwake, lakini agawe kwa miezi. Wengi wetu hatugawi.

Akilazimika kabisa kununua yaliyotumika, atazame tarakimu nne za mwisho katika mstari wa herufi unaoanza na DOT. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililofika miaka kumi halinunuliwi hata likiwa na kashata kamili, maana mpira huzeeka ukiwa umekaa. Na ajihadhari na tairi la gari dogo lililochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa kuchongwa, nayo huandikwa hivyo ubavuni. La gari dogo likichongwa, kinachobaki kati ya nyuzi na barabara ni utando.

Hapa tuna neno kwa wauzaji, ambao wengi ni ndugu zetu katika imani. Imepokewa na Abu Hurayra, katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono na kukuta unyevu chini. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakuuweka unyevu huo juu watu wauone, akamtenga mwenye kughushi na umma wake. Tairi lililopakwa dawa nyeusi likang'aa, mwaka wake ukafichwa upande wa ndani wa rimu, lina tofauti gani na rundo lile? Mafaqihi wamempa mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa haki ya kuirudisha na kurejeshewa fedha yake. Ama muuzaji aliyesema wazi, hili ni la theluji na ni la mwaka fulani, mnunuzi akaridhia, hana lawama katika biashara yake.

Jambo moja tusilipite. Hakuna tairi la kuvukia mto uliofurika. Kilosa haihitaji kukumbushwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mkondoa ulipoacha maelfu bila makao na kung'oa reli, wala Januari 2014, maji yalipokata daraja la Magole pale Dumila. Maji yaendayo kasi ya kina cha sentimita 30 yaweza kuliinua gari dogo; sentimita 60 huchukua magari mengi. Yule mtu aliyemuuliza Mtume kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kisha ategemee. Baba aliyejaza watoto garini mbele ya maji asiyojua kina chake hajamfunga ngamia. Darasa la siku moja hulipwa kesho.

Sasa fedha ya mke. Ni yake. Kutunza familia, pamoja na chombo cha kuwapeleka watoto shule, ni juu ya mume, na mke hana wajibu wa kuitoa akiba yake. Akitoa kwa hiari ni ihsani, akikopesha ni deni kama deni jingine. Na aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayoagiza madeni yaandikwe, haikuwatoa wanandoa. Waketi wawili, waandike kiasi na tarehe, mashahidi wawepo. Mpunga wa masika huvunwa kuanzia Juni hivi; tarehe ya kulipa na iwekwe baada ya hapo, magunia yakishauzwa.