Mtoto mwenye sindromu ya Down akianza kuyumba, tuangalie shingo

Kila Machi 21, Siku ya Sindromu ya Down Duniani, tunazungumza kuhusu elimu ya watoto hawa na unyanyapaa. Shingo yao hatuitaji. Leo tuitaje.

Tuchukulie mtoto wa miaka minne kijijini Mkalama. Alikuwa anatembea vizuri. Sasa anajikwaa, anaomba kubebwa, na amerudia kujikojolea. Majirani wanasema, "Ndiyo ulemavu wake huo." Hapo ndipo hatari ilipo. Sindromu ya Down humchelewesha mtoto kujifunza kutembea, lakini haimnyang'anyi alichokwisha kujifunza. Akirudi nyuma, kuna sababu nyingine, na inabidi itafutwe.

Sababu mojawapo iko shingoni. Watoto hawa huzaliwa na kano laini, yaani zile kamba zinazoshika mifupa. Pingili mbili za juu kabisa za shingo zinaweza kucheza kupita kiasi na kubana uti wa fahamu unaopita katikati yake. Kati ya watoto 100 wenye hali hii, 10 hadi 20 huonekana kwenye eksirei kuwa na ulegevu huo. Wanaopata madhara ni mmoja au wawili tu.

Kwa hiyo hatusemi kila mtoto akapigwe picha. Kabla ya miaka mitatu mifupa haijakomaa, na picha haitoi jibu la kuaminika. Tena picha nzuri ya leo si dhamana ya kesho. Kinachookoa ni jicho la mzazi. Dalili ni hizi:

- shingo kuuma, kukakamaa au kichwa kukaa upande;
- mwendo kubadilika au kuanguka mara kwa mara;
- mikono au miguu kulegea au kukaza;
- kushindwa kuzuia haja wakati alishazoea.

Ukiona mojawapo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usimpeleke kukandwa wala kunyooshwa shingo. Msafirishe amelala, kichwa kimenyooka, na si kwa bodaboda.

Kwa familia ya Singida, ugumu ni safari. Zahanati kwa kawaida haina eksirei, hivyo mtoto hupelekwa hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Akihitaji upasuaji anaweza kufikishwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, takriban kilomita 700. Uti ukibanwa muda mrefu, mtoto anaweza kupooza moja kwa moja. Ndiyo maana siku zinazopotea kijijini kwa kusema "ni ulemavu wake" ni za gharama kubwa kuliko nauli.

Asiye na dalili acheni acheze na wenzake, ila asipige sarakasi za kichwa chini. Na kabla ya upasuaji wowote, hata wa jino, mwambieni daktari wa usingizi kuhusu shingo yake, kwani humlaza na kumgeuza kichwa.